Ukitaka kuzuru maporomoko ya mjini kule bara, anzia hapa kwetu Sabaki

Sisi wa Malindi maporomoko ya maji hatuna. Nchi yetu ni tambarare, juu mchanga chini mawe ya matumbawe, na maji yakifika huku hayana pa kuangukia tena, yatambaa tu hadi baharini. Ndo maana mtu wa huku akisema ataka kwenda kuona maporomoko, fikra zake zaenda mbali, Thomson's Falls kule Nyahururu ama Victoria Falls, yale ya kwenye kalenda. Mie leo nataka niwaelekeze kwa madogo, yale ya mjini kabisa, ambayo mji umeyazunguka ukayabana, mengine ukayapunguzia maji, mengine ukayaongezea maji ambayo si yake, na bado yapo yaanguka usiku na mchana. Na nawaandikia nyinyi wa Malindi, Mambrui na Watamu makusudi kabisa, manake maji ya mengi katika hayo maporomoko mwisho wake ni hapa kwetu.

Jinsi ilivyo ni hivi: Nairobi River, Karura, Mathare, Ngong River, mito yote hiyo ya jijini yaishia Athi, Athi yateremka Ukambani, ikikutana na mto Tsavo yaitwa Galana, na Galana ikifika huku ndo Sabaki yetu. Ni mto ule ule mmoja, wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana. Kwa hivo mtu wa Malindi akienda kuangalia maporomoko ya Nairobi na Thika si kwamba ameenda kutembelea vya wenyewe, ameenda kuangalia maji yake yametoka wapi na yamefanywa nini njiani. Ukienda na fikra hiyo utaona mengi, la sivyo utafika pale utapiga selfi mbili utarudi.

Sasa kabla hujakata tiketi ya basi, panda tuktuk ama boda mpaka daraja la Sabaki, barabara ile ya kwenda Garsen na Lamu, ni hapo tu nje ya mji. Simama pembeni, chunga malori, uangalie maji. Rangi yake ikoje, ni ya chai ya maziwa ama ni nyekundu ya tope zito? Takataka zimenasa wapi kwenye vichaka vya ukingoni? Huo mstari wa takataka ndo unakuambia mafuriko ya mwisho maji yalipanda mpaka wapi, na ukishajua kuusoma hapa utausoma kila mahali utakapofika. Ukiwa na nguvu shuka mpaka pale mto unapoingilia baharini lakini usiende peke yako, chukua kijana wa kijiji cha Sabaki anayejua njia, kuna viboko pale na viboko hawana mchezo, hasa jioni wakitoka majini kwenda kula. Ndege ni wengi mno, na kuna nyakati flamingo wanatua hapo kwa wingi, hilo peke yake latosha kukutoa nyumbani.

Alafu geuka uangalie bahari. Msimu wa kaskazi yale maji ya tope yasukumwa kuja kusini mpaka ghuba yetu, bahari yawa kahawia mbele ya mji, na msimu wa kusi yasukumwa upande wa Mambrui. Wavuvi wetu wanalijua hilo tangu zamani bila kufundishwa na mtu. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba matumbawe nayo yameweka rekodi. Tumbawe hukua kwa tabaka, mwaka kwa mwaka, na watafiti walitoboa moja kwenye hifadhi yetu ya bahari (ile iliyoanzishwa 1968), lenye umri wa miaka 300 hivi, wakasoma ndani yake udongo wa Sabaki ulivyokuwa ukija. Kutoka 1700 mpaka 1900 udongo ni karibu kiasi kile kile, kuanzia 1900 ukaanza kuongezeka na haukuacha. Yaani mashamba yalivyofunguliwa huko juu na watu walivyoongezeka, lile tumbawe huku chini likawa lahesabu. Na ukifikiria kwamba maji ya bomba ya Malindi, Kilifi hadi Mombasa mengi yatoka Baricho, kwenye visima vilivyo kando ya huu huu mto, utaelewa kwa nini nasema anzia hapa. Piga picha ya maji, weka tarehe, iache kwenye simu, utaihitaji kulinganisha.

Sasa tuje kwa wakati wa kwenda, na hapa tafadhali usome polepole kwa sababu ndo panapoumiza watu.

Maporomoko ya mjini hayafuati mvua vile ya msituni yanavyofuata. Msituni mvua ikinyesha udongo wanyonya, maji yatoka kidogo kidogo wiki na wiki. Mjini ni lami, saruji na mabati, mvua ikianguka saa nane mchana, kufika saa tisa ishaingia mtoni yote pamoja na kila kilichokuwa barabarani, mto wapanda kwa ghafla, na kesho yake ukirudi umeshuka kama hakuna kilichotokea. Kwa upande mwingine kiangazi kikija hakuna akiba ardhini ya kuulisha mto, kwa hivo kile kinachobaki kikitiririka mara nyingi ni maji ya mabomba yaliyopasuka na maji taka ya majumbani. Kwa hivo ukienda kiangazi utaona maji machache na machafu, ukienda katikati ya mvua utaona maji mengi na hatari. Kule bara mvua kubwa ni Machi mpaka Mei na ndogo Oktoba mpaka Disemba, sawa na misimu yetu tu. Ushauri wangu nenda kipindi mvua zimekolea lakini zimepumzika siku mbili tatu, kwa mfano Mei mwishoni ama Juni mwanzoni. Usiende siku ya mvua ya kwanza kabisa baada ya kiangazi, hiyo yaosha uchafu wa miezi yote kwa mpigo mmoja, mafuta ya magari, takataka, kila kitu.

Na usije ukadanganywa na jua. Mvua yaweza kuwa yanyesha juu kule Limuru na wewe hapo ulipo jua lawaka, maji yakakufuata. Ukiona maji yaliyokuwa mepesi yamegeuka kahawia, ama vijiti na majani yameanza kupita mengi, ama sauti ya maporomoko imebadilika imekuwa nzito, hapo usimalizie vidio, panda juu. Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 Kenya nzima, na Nairobi mitaa ya kando ya mto kama Mathare ndo ilipigwa vibaya, watu waliamka maji yashaingia ndani. Hiyo ni mito hii hii tunayozungumzia.

Vya kubeba havihitaji hadithi ndefu. Viatu vya kufunga vyenye soli ya kushika, sio ndara, mawe ya pale yana utelezi wa kijani usiouona. Sweta, hasa Juni na Julai, sisi wa pwani baridi ya kule yatuvunja. Maji yako ya kunywa, sabuni ama sanitaiza, pesa kwenye simu manake getini sehemu nyingi hawapokei kesh, na soksi za pili. Usafiri unaujua, mabasi yatoka Malindi usiku kupitia Mombasa, ama ushuke Mombasa upande treni ya SGR hadi Nairobi, wenye nafasi kuna ndege hapa uwanja wetu. Bei sitaji zabadilika kila uchao.

Anza na Karura. Ni msitu wa hekta 1,000 hivi ndani ya jiji, umezungukwa na Gigiri, Muthaiga, Runda na barabara ya Kiambu, na mto Karura wapita ndani yake ukaanguka kwenye ukuta wa mawe, si mrefu lakini wapendeza, kuna mimea yaning'inia na ubaridi mzuri. Ingia lango la Limuru Road, fuata vibao vya mapango ya Mau Mau na vya maporomoko, njia panda zake zimewekwa nambari kwa hivo piga picha ya ramani pale getini utatembea bila wasiwasi. Nenda asubuhi mapema siku ya kazi, wikendi watu ni wengi. Usiache barabara zilizowekwa, na usiingie majini, nitaeleza sababu.

Ukifika pale ujue kwamba hayo maporomoko yalikuwa yaende na msitu wote. Miaka ya tisini mwishoni ardhi ya Karura ilikuwa yagawanywa kwa watu binafsi wajenge, na Wangari Maathai na wenzake wakasimama, tarehe 8 Januari 1999 walikwenda kupanda mti wakashambuliwa wakapigwa, yeye mwenyewe akaumizwa kichwa. Hawakuacha. Mwaka 2004 akapewa Nobel ya Amani, na msitu leo upo, watoto waendesha baiskeli ndani. Mie kila nikisimama pale namuombea dua yule mama, manake kulinda ule msitu kulikuwa kulinda hata huu mto unaokuja kwetu. Lakini sasa angalia maji vizuri. Msitu umelindwa, mto hauwezi kulindwa na ua peke yake, kwa sababu wakuja kutoka nje ya ua, watoka juu kwenye majumba na maduka, ukiingia msituni ushabeba. Siku zingine maji ni safi kabisa kwa macho, siku zingine kuna harufu na povu. Hiyo ndo sura ya kwanza ya maporomoko ya mjini: mahali pamehifadhiwa, maji hayakuhifadhiwa.

Hapa nikufundishe kuangalia, na utatumia popote. Wengi wafika wasimama chini waangalia yanapoangukia. Wewe anza juu. Panda mpaka uone maji kabla hayajaanguka, uangalie kama kuna ukuta wa saruji, bomba, daraja, kalvati, ama mahali maji yamechepushwa. Alafu rudi uangalie ukuta wa mwamba wenyewe kwa upana. Sehemu yenye maji yaonekana, lakini pembeni yake utaona mwamba una alama, rangi nyeusi nyeusi, kuvu kavu, mawe yamelainishwa na maji ambayo hayapo tena siku hiyo. Upana wa hiyo alama ndo upana wa mto unapojaa, na ukilinganisha na maji unayoyaona utajua una mto mzima mbele yako ama una mabaki. Mwisho ndo uangalie chini, kidimbwini, uone nini kimekusanyika pale.

Na povu nalo lina lugha yake. Si kila povu ni sabuni. Majani yakioza msituni yatoa vitu ambavyo maji yakipigwapigwa yatoa povu, hilo huwa na rangi ya krimu ama kahawia, lanuka udongo, na latawanyika. Povu la sabuni ni jeupe, lasimama juu juu, lakaa muda mrefu na harufu yake waijua, ni ya beseni la kufulia. Mto wenye sabuni ukipita mahali tambarare huoni kitu, wapita kimya kimya, watu wavuka daraja hata hawajui. Maporomoko yakiyachapa hayo maji ndo povu latoka, na harufu iliyokuwa imelala ndani ya maji yainuka. Kwa hivo mie nawaambia watu, ukitaka kujua mji unafanya nini na mto wake usiende darajani, nenda mahali mto unapoanguka.

Toka Nairobi uende Thika, matatu ni nyingi, barabara ni ile kubwa ya njia nyingi. Pale Thika kuna mambo mazuri mno na watu wapita tu wakienda Murang'a. Hoteli ya Blue Posts, ipo tangu 1908, imekaa kati ya mito miwili, upande mmoja maporomoko ya Chania upande wa pili maporomoko ya Thika, na mito yakutana hapo chini. Waingia kupitia hotelini, unywe chai yako, utembee bustanini mpaka kwenye kingo. Kwa wale wenye wazee ama watoto wadogo hapa ndo mahali rahisi kuliko pote, hakuna kupanda kwingi.

Lakini hapa ndo pana jambo kubwa, usiondoke bila kulielewa. Juu ya mito hii miwili ndo Nairobi inakochota maji yake. Bwawa la Sasumua, lililomalizwa 1956, lipo upande wa Chania, na bwawa la Ndakaini, lililomalizwa 1994, lazuia mto Thika wenyewe, labeba mita za ujazo milioni 70, na ndo akiba kubwa ya maji ya jiji. Maji mengi yasafishwa kwenye kituo cha Ng'ethu yapelekwa Nairobi kwa mabomba. Kwa hivo hayo unayoyaona yaanguka pale Blue Posts ni yaliyobaki baada ya jiji kuchukua yake, pamoja na vijito vinavyoingia chini ya mabwawa. Mvua ikiwa nyingi bwawa likifurika utaona maji mengi, kiangazi utaona mwamba umetoka. Ule ukaguzi wa alama za mwamba niliosema fanya hapa, panafaa kuliko kote.

Na mito hii ya Thika haiji Malindi. Yaingia Tana, na Tana inamwagika Kipini, kwa ndugu zetu wa njia ya Lamu. Sasa fuatilia: Nairobi yachota maji ya bonde la Tana, watu milioni na milioni wayatumia, waoga, wapika, wafua, wavuta choo, alafu yanayotoka yaenda mabwawa ya kusafishia kule Ruai na mengine yaingia moja kwa moja mtoni bila kusafishwa, yote yaelekea Nairobi River, na Nairobi River ni Athi, na Athi ni Sabaki. Yaani maji yaliyokuwa yaende Kipini yamehamishwa njia, yamepitishwa jijini, yakaletwa Malindi. Kipini wapungukiwa, sisi twaongezewa, na tunachoongezewa si safi. Hapo Blue Posts uko pale yanapochukuliwa. Safari ya pili yakupeleka pale yanaporudi.

Fourteen Falls iko karibu tu. Kutoka Thika mjini panda matatu za barabara ya Garissa zinazoingia Kilimambogo na Donyo Sabuk, ukishuka utapata boda za kukufikisha. Ni mto Athi, na Nairobi River ishaingia tayari huko nyuma. Huu mwamba ni mpana, maji yajigawa yakapita mahali pengi sambamba, ndo maana ya hilo jina, kiangazi mikondo mingine yakauka wabaki na michache, na mafuriko yakija yote yaungana yakawa ukuta mmoja wa kahawia na hapo usisogee kabisa.

Nitasema ukweli wangu: ni mahali pazuri sana. Pamoja na yote ni pazuri, yale maji yakishuka kwa upana ule na mlima wa Ol Donyo Sabuk uko nyuma, mtu yeyote atasimama anyamaze. Ndo panaumiza zaidi. Kwa sababu kabla hujayaona ushayanusa. Ukishuka mawe ya chini, povu jeupe limejaa kwenye mabonde ya mawe, donge lingine limekaa juu ya jiwe latetemeka na upepo, likikatika laruka kama pamba. Angalia pembezoni ya kidimbwi chochote, utaona chupa ya soda yazunguka, yazunguka, haipati pa kutokea, soli ya kiatu, kifuniko cha beseni, kamba ya nailoni imejisuka na magugu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017 na tofauti kweli ipo, chupa ndo zimebaki. Mie nilipoiona ile chupa nilijua mvua ikija itatoka, itapita Ukambani, itapita Tsavo, na kama haijanasa mahali itafika ufuoni kwetu, na wale vijana wetu wanaookota takataka pwani wataiokota wao.

Hapo kuna vijana wenye boti wanakuvusha juu ya maporomoko uone kwa upande wa pili, na wengine waruka kutoka kwenye mwamba kuwaonyesha wageni kwa malipo. Boti ni nzuri maji yakiwa machache, mwaulizane bei kabla hujapanda, na uangalie kama kuna jaketi za kuelea, kama hazipo usipande, haijalishi wenzako wamepanda. Ya kuruka mie nakuomba usiyalipie. Wale vijana waijua ile kidimbwi lakini maji ya mto wa mjini yabeba magogo na vyuma usivyoviona, na kila pesa ya mgeni yamwambia aruke tena. Mpe kijana hiyo hiyo pesa akutembeze, akuonyeshe mahali mto ulifika wakati wa mafuriko, akueleze maji yabadilika rangi siku gani na saa ngapi. Wenyeji wa kando ya mto ndo wanaojua, kuliko vibao vyote. Ukimkuta mama afua ama achota maji usimpige picha, mpe salamu, uliza habari za mto kwa heshima, utasikia mengi.

Kuhusu kuingia majini, hapa wala Karura wala pengine popote kwenye mto uliopitia mjini, usiingie. Kuna kichocho, wadudu wake wakaa kwenye konokono wa maji baridi na wapenya ngozi bila wewe kusikia, na kuna vijidudu vya vyoo. Hata ule mvuke wa maji unaorushwa na maporomoko, kwenye mto safi ni raha, kwenye mto mchafu usisimame ndani yake mdomo wazi, simama upande upepo unakotokea. Kidonda mguuni kifunge kabla. Nawa mikono kwa maji yako kabla hujala zile karanga. Hili nasisitiza kwa wenye watoto.

Si Kenya peke yake miji inafanya hivi, msije mkafikiri ni laana yetu. Mji wa Minneapolis kule Marekani ulijengwa kwa sababu ya maporomoko ya Saint Anthony, kwenye mto Mississippi, viwanda vya mbao na unga vikatumia nguvu ya maji, mwaka 1869 watu wakachimba handaki chini yake, maji yakapasua yakaingia na maporomoko yakataka kubomoka yote, ikabidi yafunikwe kwa mbao na baadaye saruji, kwa hivo leo ukienda unaona maji yateleza juu ya sakafu iliyojengwa. Na mji huo huo una maporomoko mengine madogo, Minnehaha, mwaka 1964 rais Johnson alipotembelea kijito kilikuwa kimekauka, wakafungulia mabomba ya zimamoto huko juu ili apate kuona maji yanaanguka. Ukizuru ya mjini popote duniani swali ni lile lile, haya maji nani amefungulia na nani amefunga.

Na huku kwetu kuna mkono mwingine unakuja. Chini ya Fourteen Falls, kule Makueni, bwawa la Thwake lajengwa tangu 2018 pale mto Thwake unapokutana na Athi. Bwawa kubwa kama hilo litazuia maji na litazuia tope, na uchafu wa Nairobi utaingia mle kabla ya kuja kwetu. Kwa matumbawe huenda tope kupungua kukawa nafuu, kwa samaki wa mlangoni mwa mto na kwa visima vya Baricho maji kupungua ni jambo la kuuliza mapema. Ndo maana nikasema piga picha zenye tarehe. Miaka ijayo mtu wa Malindi mwenye picha za Sabaki na za Fourteen Falls za kabla ya bwawa atakuwa na kitu cha kuweka mezani mikutano ya wananchi ikiitwa.

Kama mna gari ama mmekodi kikundi, msirudi kwa njia ya Mombasa. Fikeni Voi muingie Tsavo Mashariki, mfuate Galana mpaka Lugard Falls. Si maporomoko ya kuanguka wima, ni mto mzima wabanwa kwenye ufa wa miamba, maji yamechonga mawe mashimo na mikunjo, rangi ya kijivu na waridi, sauti yake waisikia kifuani. Haya hayana mji juu ya kichwa chake, hakuna saruji, hakuna bomba, lakini maji ni yale yale uliyoyaona Kilimambogo, sasa yamechanganyika na ya Tsavo. Linganisha povu, linganisha harufu, linganisha rangi na picha ya Sabaki. Msishuke ukingoni wala kunawa, kuna mamba wengi na hata jina la sehemu ya karibu hapo ni Crocodile Point. Ukitoka hapo wafuata mto mpaka lango la Sala, na kutoka Sala mpaka Malindi ni zaidi ya kilomita 100, kwa hivo muwe mmeondoka Lugard saa nane mchana kwa kuchelewa sana, malango ya hifadhi yafungwa saa kumi na mbili jioni na gari likinasa kwenye mchanga huko ndani simu nyingi hazishiki.